Heluri: Tazama Heruli

Brenda, anayerithi meza yangu maktabani, ndiye aliyeniomba niandike. Anasema nikiondoka nitaondoka na nusu ya maktaba kichwani, naye hataki kuachiwa ile nusu iliyo kwenye rafu peke yake. Nilimwambia kichwa changu kina vumbi kuliko rafu. Lakini nimebakiwa na wiki mbili za kukaa hivi hivi katika chumba changu hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nikisubiri karatasi za kuondoka, na mtu aliyefanya kazi miaka kumi na tisa akikosa la kufanya, ama ataandika ama ataanza kuzungumza na friji. Friji nimeshaizungumzisha.

Habari za vyeo siandiki. Mkitaka kujua nani alipanda na nani alirukwa, ulizeni jikoni, pale kwenye birika la chai. Nataka kuwaandikia habari za yale masanduku ya kijivu yaliyo mwisho wa safu ya kumi na moja, ambayo nyinyi vijana mnayapita mkidhani ni ya Dokta Torsten peke yake. Kosa langu limo ndani yake, na limehifadhiwa vizuri kuliko kitu chochote nilichokifanya sawasawa.

Nilifika Doha mwezi wa Juni. Nilikuwa karani wa maktaba ya shule ya upili huko Ol Kalou, na kila aliyenishauri alinishauri kuhusu joto. Nikaja na blauzi nyepesi tano. Siku ya kwanza nikapelekwa moja kwa moja ghorofa ya chini ya ardhi, kwenye ghala la vitabu, ambako baridi ya mitambo ilikuwa kali kuliko asubuhi ya Julai kwetu Nyandarua. Ustaadh Bashir, Msudani aliyekuwa mkuu wa ghala, aliniangalia nikitetemeka, akavua sweta lake la kijani akanipa bila kusema neno. Nililivaa mwezi mzima. Juu watu walikuwa wanachemka, na mimi chini naomba jua.

Ustaadh alikuwa na sheria chache, na zote bado zina kazi. Kitabu usikivute kwa kichwa cha mgongo wake; sukuma majirani zake ndani kidogo, ukishike katikati. Kalamu ya wino ibaki mlangoni, ndani ni penseli tu. Glavu ni za sinema; osha mikono, kausha, fungua. Baada ya upepo wa mchanga, brashi laini kutoka ndani kwenda nje, usipulize kwa mdomo hata kama umelelewa kupuliza. Na usiamini kamwe maandishi yaliyo nje ya sanduku mpaka umeona kilicho ndani. Hiyo ya mwisho alikuwa akiirudia huku akiniangalia usoni, nami nikadhani anaongelea masanduku tu.

Nyumbani nilikuwa nimemwacha Njeri wangu, ana miaka sita, kwa mama yangu. Nilimwambia narudi baada ya miaka miwili. Nilirudi kweli, kwa mwezi mmoja, nikaondoka tena. Ikawa hivyo kila baada ya miaka miwili. Mara ya tatu nilimkuta anamwita mama yangu Mami, na mimi ananiita Mama wa Doha. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatutofautisha tu. Nililia chooni, nikatoka, nikagawa zawadi.

Dokta Torsten alikuja mwaka wangu wa pili. Alikuwa Mswidi mrefu, mzee tayari, aliyefundisha katika nchi za watu kwa miaka arobaini, na aliipa maktaba yetu vitabu vyake vyote kwa sharti moja, kwamba na yeye aje navyo. Ustaadh alisema ni mara yake ya kwanza kuona mahari inakuja pamoja na baba mkwe. Pamoja na vitabu alileta kadi: maelfu ya vikaratasi, kila kimoja na neno moja juu na maelezo chini, kazi ya maisha yake yote. Karibu zote zilihusu Waheruli.

Nitawaeleza kwa ufupi, maana Brenda ameniuliza mara tatu na nikamjibu vibaya mara tatu. Waheruli walikuwa kabila la Kijerumani la zamani, la zama zile Dola ya Rumi ilipokuwa inachoka. Wanaonekana kwanza karibu na Bahari Nyeusi, kisha wanatapakaa kila mahali, na karibu kila wanapotajwa wako vitani, mara nyingi katika vita vya mtu mwingine. Walikuwa askari wa kukodiwa. Mwandishi mmoja wa kale anadai asili yao ni kaskazini kabisa, Skandinavia, na kwamba Wadani ndio waliowafukuza huko. Mwingine, Mgiriki, anasimulia kwamba baada ya kushindwa vibaya vitani, baadhi yao wakiwa na watu wa ukoo wa kifalme walifunga safari kurudi kaskazini, wakapita nchi za Waslavi, wakapita kwa Wadani, wakavuka bahari, wakakaa huko jirani na kabila la Wagauti. Wataalamu wengine wanaiamini habari hiyo, wengine wanasema ni hadithi. Dokta Torsten alizaliwa katika nchi hiyo hiyo ya Wagauti, na alikuwa anaiamini kwa meno na kucha.

Macho yake yalikuwa yanafifia, kwa hiyo alianza kunisomea zile kadi kabla hayajazimika kabisa, nami nikazichapa kwenye kompyuta, tukaanza na sanduku la kwanza. Sasa nyinyi mnanijua. Kwetu R na L ni mapacha, hata mama yao huwachanganya. Mwalimu wangu wa darasa la nne alinichapa kwa sababu nilimwambia "sijui mahari pa kuketi", darasa zima likacheka, mvulana mmoja akauliza ng'ombe ni wangapi. Mtu akishachekwa hivyo, hujifunza kujichunga, na kujichunga nako kuna balaa lake: unaanza kurekebisha hata kilichokuwa sawa. Kila Dokta aliposema "Heruli", mimi kwa uangalifu mkubwa, huku nimekunja uso, nilichapa "Heluri".

Si mara zote. Ingekuwa mara zote, mtu angegundua. Nikichoka nilichapa Heruli, nikiwa makini nilichapa Heluri.

Miezi ikapita. Siku moja Dokta akaandika jina la watu wake kwenye kompyuta, herufi zikiwa zimekuzwa kama za bango, ikamletea chini ya nusu ya kadi zake. Akajaribu tena. Kisha akaketi, mikono juu ya magoti, akakaa hivyo. Alidhani masanduku yamepotea wakati wa kuhamishwa, na kwamba sisi tulikuwa tunamficha. Kadi zenyewe hakuweza tena kuzisoma. Kama hazimo kwenye kompyuta, kwake zilikuwa hazimo duniani.

"Ya Wanjiru, sanduku la nne wein?" Ustaadh aliniuliza. "Lilikuwa hapa. Mimi mwenyewe nimelibeba."

"Lipo, Ustaadh. Lipo na limejaa."

"Basi kwa nini mzee analia huko juu?"

Tulitafuta siku nne. Siku ya tano nilikuwa napitia orodha nzima mstari kwa mstari, nikafika kwenye H, nikawaona: Heluri, Heluri, Heluri, ukurasa hadi ukurasa, kabila zima nililolizaa mimi mwenyewe. Ningeweza kuyarekebisha majina hayo kimyakimya jioni moja, na niliwaza hivyo, siwafichi. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kufanywa upya, na kwa kosa hilo mtu hurudishwa kwao. Lakini nilimkumbuka Dokta na mikono yake juu ya magoti, nikapanda ngazi.

Nilimweleza yote, pamoja na mwalimu wa darasa la nne. Akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia nimletee kitabu fulani chenye jalada la kahawia, nikamtafutia ukurasa kwa kioo cha kukuzia, akaniamuru nisome kwa sauti. Kumbe mwandishi wa mwanzo kabisa kuwataja watu hao, Mgiriki aliyekuwa hai walipokuja kuvamia nchi yake, aliandika jina lao hivyo hivyo, L mbele na R nyuma. Baadaye mwingine akamnakili na kueleza kwamba waliitwa hivyo kwa sababu waliishi kwenye vinamasi, maana kwa Kigiriki kinamasi huitwa kwa neno linaloanza vivyo hivyo. Wasomi wamegombana kwa vizazi: ni ulimi ulioteleza, au ni mtu aliyejifanya anajua?

"Wanjiru," Dokta aliniambia, "kosa lako lina karibu miaka elfu moja na mia nane. Hata huyo Mgiriki labda alitoka Nyandarua."

Nilitaka kuanza kusahihisha siku ile ile. Ustaadh Bashir akanizuia. "La, la. Acha. Atakuja mtu mwingine atafute hivyo hivyo ulivyoandika wewe. Weka kadi ya kumwonyesha njia." Ndipo nilipoandika kadi ya kwanza ya aina ile katika maktaba yetu: HELURI: TAZAMA HERULI. Brenda, hilo ndilo somo kubwa nililo nalo. Ukigundua kosa, usilifute tu. Mtu ameshalifanya kabla yako na mwingine yuko njiani kulifanya. Mwekee tazama.

Miaka iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuliko yote, ingawa nikiitazama sasa naona jinsi tulivyokuwa wapweke sisi wawili. Macho ya Dokta yalipokwisha kabisa, maktaba ilinituma nyumbani kwake Al Wukair mara mbili kwa wiki nimsomee. Mke wake alikuwa amefariki zamani, watoto hawakujaliwa. Nilikuwa nasoma, yeye anasahihisha matamshi yangu, na chai inapoa. Yeye hakuwa na mwingine wa kumsomea, na mimi sikuwa na mwingine wa kumsikiliza. Ijumaa, siku ya mapumziko hapa, nilikwenda ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer kama Wakenya wote, lakini nimekaa kwenye benchi lile lile kwaya ikibadilika watu wote mara tatu. Kila ukimzoea mtu, mkataba wake unakwisha. Mwishowe niliacha kuuliza majina.

Kadi ngumu kuliko zote ilikuwa ya neno "erilaz". Huko Skandinavia kuna mawe na vitu vidogo vya zamani vilivyochongwa maandishi ya kale, na katika baadhi yake mchongaji anajitaja: mimi, erilaz. Wengine wanasema neno hilo ni "Mheruli". Wengine wanasema ni cheo, bwana mkubwa au fundi wa maandishi, wala halihusu kabila. Kwa Dokta hili halikuwa jambo dogo. Likiwa jina la kabila, basi watu wake walikuwapo kaskazini na walikuwa na kwao. Likiwa jina la kazi, ushahidi mkubwa umemponyoka.

Getini kwa Dokta palikuwa na mlinzi, Okello, Mganda mpole aliyenifungulia kila mara. Siku moja mkazi mmoja alipita na gari akapiga kelele, "Ya Kenya! Ta'al, ta'al!" Okello akaitika na kukimbia. Aliporudi nikamuuliza tangu lini amekuwa Mkenya.

"Mama, mimi ni wa Lira," akasema. "Lakini hapa mlinzi anaitwa Kenya. Yule wa usiku ni wa Ghana, naye ni Kenya. Wakiita, mimi naitika. Nitafanya nini?"

Nikaingia ndani nikicheka, nikamsimulia Dokta. Kisha nikaongeza, bila kufikiri, kwamba labda na hao Waheruli ilikuwa hivyo. Waliokodiwa mwanzo walikuwa Waheruli, baadaye kila askari wa kukodiwa akaitwa Mheruli, hata asiyejua kwao ni wapi. Kwa nini lazima liwe kabila au kazi? Lingeweza kuwa kabila likageuka kazi.

Dokta hakucheka. Uso ulimbadilika.

"Unajua unachosema?" akauliza. "Kama jina lao lilikuwa ni kazi, basi kazi ilipokwisha hawakuwa na mahali pa kurudi."

"Nilikuwa natania, Dokta."

"Hukutania. Nisomee tena ile ya mfalme."

Nilimsomea. Ni habari ya yule Mgiriki aliyesimulia safari ya kaskazini. Waheruli waliobaki kusini walimuua mfalme wao, wakajuta, wakatuma watu mpaka kaskazini kumtafuta mwingine wa damu yao. Waliotumwa wakakawia sana. Waliobaki wakamwomba kaizari wa Konstantinopoli awape mfalme, naye akawapa Mheruli aliyekuwa amekaa mjini kwake siku nyingi. Wakampokea kwa furaha. Siku chache baadaye habari zikaja kwamba yule wa kutoka kaskazini yu karibu. Mfalme wa mjini akatoka na watu wake kwenda kumkabili, na kabla hakujapambazuka watu wote wakamwacha wakaenda upande wa pili. Akarudi Konstantinopoli peke yake.

Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Siku ile nilipofika kwenye "amekaa mjini kwake siku nyingi", niliyarudia maneno hayo mara mbili. Niliogopa. Nilimwona Njeri ananipokea kwa furaha, siku chache.

"Na wale waliorudi kaskazini?" nikamuuliza. "Walipokelewaje?"

"Imeandikwa walikaa huko," akasema. "Basi. Nimetafuta miaka hamsini, Wanjiru. Hakuna aliyeandika walipokelewaje."

Alinifanya niandike kadi ya Okello, bila jina lake, na ipo sanduku la saba. Nendeni mkaione. Ni msomi mwaminifu anayehifadhi kadi inayomuumiza.

Mwaka uliofuata aliondoka akarudi kwao, kijiji alichozaliwa. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, nikamkabidhi kwa msichana wa kusukuma viti vya magurudumu. Baada ya miezi miwili alinipigia simu. Alisema mwuza duka anamjibu kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswidi chake ni cha zamani mno. Alisema majirani ni watu wema, na wanamwita Mwarabu. Alicheka alipolisema hilo, nami nikacheka, na sote wawili tulijua si la kuchekesha. Hakupiga tena. Ustaadh Bashir naye alistaafu mwaka huo akaenda kuishi kwa mwanawe Misri. Nikabaki mimi na baridi.

Nilipotimiza miaka sitini, umri wa kustaafu hapa, maktaba ilinikatia keki. Mlinunua nyinyi, na ilikuwa nzuri, nashukuru. Brenda akaninong'oneza, "Si uombe tu contract ingine, mathe? Hata one year. Huko home utafanya nini?"

Nilimwambia nitapumzika, na niliona hakuniamini. Hapa kibali cha kukaa ni cha kazi. Kazi ikiisha, na wewe umeisha, uende kwenu kama unapo.

Kama ninapo, hilo ndilo sikulijua. Nyumba ipo Ol Kalou, niliijenga kwa simu, chumba baada ya chumba, na sijawahi kulala humo zaidi ya mwezi. Mama yangu alifariki; nilifika siku ya mazishi, nikaondoka baada ya siku tisa. Njeri anaishi humo na mume na mtoto wao. Ni mtu mzima wa miaka ishirini na tano, na ukijumlisha likizo zangu zote tangu nimwache, hatujakaa pamoja hata mwaka mmoja. Nilikuwa nimemwandikia tarehe ya ndege. Sikuwa nimemwambia kwamba safari hii sina tiketi ya kurudi. Nilikuwa nimewaandika Waheruli kwenye maelfu ya kadi, na sentensi moja kwa binti yangu imenishinda wiki nzima.

Jana mchana alipiga mwenyewe.

"Mama, nimeona tarehe. Safari hii ni siku ngapi?"

Nikamwambia ni moja kwa moja. Nikamwambia kazi imeisha, nimestaafu. Nilisikia mtoto analia upande wa pili, kisha nikasikia anabembelezwa. Nadhani nilishika ukingo wa kitanda.

"Moja kwa moja," akasema taratibu, kama anayejaribu kiatu.

"Kama hamna nafasi..."

"Ai, Mama. Nyumba ni yako. Si hiyo. Ni vile tu tumezoea ukija tunakupikia, unakaa sebuleni, watu wanakuja kukuona."

"Sitaki kukaa sebuleni."

"Basi njoo," akasema, na nikasikia anajaribu kutabasamu. "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu nitakupa jembe."

"Nipe siku ya kwanza," nikamwambia. "Usingoje ya tatu. Nikishuka tu, nipe."

Alicheka kidogo. Kisha kicheko kikaisha, akasema bila ubaya wowote, kama alivyokuwa anasema mambo alipokuwa mdogo:

"Lakini Mama, hata hujui jembe huwa linawekwa wapi."

Nikamwambia nitauliza.